Chungu au boksi: mzee ale kilichopikwa nyumbani au cha kununua?

Mwambie mzee, "Leo usihangaike na jiko, nimeagiza chakula," na mara nyingi hatakuuliza bei wala aina ya chakula. Atakuuliza, "Nani kapika?" Vijana hulisikia swali hilo kama ukorofi wa uzeeni. Kwangu ndilo swali zito kuliko yote katika ubishi huu, kwa sababu aliyepika ndiye aliyeamua chumvi iwe kiasi gani, mafuta yarudiwe mara ngapi, nyama ilainike hadi wapi na sufuria iepuliwe saa ngapi. Anayepika mwenyewe anayajua hayo bila kuuliza. Anayefungua boksi anakisia.

Huu basi ni ulinganisho kwa mtu anayetakiwa kuamua: mzee aliyechoka kusimama jikoni, au mtoto mwenye mzazi anayeishi peke yake. Naegemea chungu, lakini si kwa kila mzee, na hata kwa yule kinayemfaa, si kila siku.

Wazee wenyewe hawasemi kitu kimoja

Tumezoea kudhani kila mzee anachukia chakula cha kununua. Si kweli. Yuko mama aliyepikia nyumba nzima tangu usichana wake, sikukuu na misibani, na hakuna siku hata moja aliyoulizwa kama anapenda kupika. Huyo ukimletea boksi anashukuru kwa moyo wote, na ukianza kumsifia chakula cha nyumbani anakutazama tu. Yuko mgane ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kuchemsha hata yai. Kwake kununua si anasa, ndiyo njia pekee ya kula kitu cha moto.

Halafu wako wanaokataa, na hawa nao hawafanani. Waliokulia kwenye uhaba huona kununua kilichopikwa, na ndani kuna kibichi, ni ufujaji mtupu. Uingereza chakula kiliuzwa kwa mgao kuanzia 1940 hadi 1954, na waliokuwa watoto wakati ule ndio wakongwe wa leo. Popote palipopita vita, ukame au njaa utakuta wazee wenye hulka hiyohiyo. Wengine shida yao ni usafi wa jiko wasiloliona. Na wengine, ambao ndio wagumu kuliko wote, hawana ugomvi na chakula chenyewe: wakiona boksi wanasoma kwamba watoto wameona kutuma ni rahisi kuliko kuja. Jua kwanza mzee wako yuko kundi gani. Ukimjibu mwenye hofu ya usafi kwa hoja za bei, mtabishana hadi kesho.

Ila kuna dai moja la wazee nisilokubaliana nalo, lile la kwamba kununua chakula kilichopikwa ni mambo ya siku hizi. Mji wa Pompeii ulifukiwa na majivu ya volkeno mwaka 79, na wachimbaji wamekuta humo kaunta za mawe zenye mitungi iliyojengewa ndani, mahali palipouzwa chakula tayari. Watu wengi wa miji ya Kirumi waliishi kwenye vyumba visivyo na jiko. Wasio na pa kupikia wamenunua tangu zamani hizo.

Chumvi, na ulimi uliochoka

Hapa ndipo chungu kinaposhinda kwa mbali, na inafaa tupaangalie kwa makini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo ya kwenye mkate, mchuzi na kila kitu kingine. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Nchini Marekani zaidi ya asilimia 70 ya sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) watu wanayokula hutoka kwenye vyakula vya viwandani na vya mikahawani, si kwenye kikopo cha chumvi cha nyumbani. Kwa mwenye presha, moyo dhaifu au figo zilizochoka, hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya chungu na boksi. Mpishi wa biashara anakoleza ili mteja arudi, na hajui kwamba mteja wa leo ana miaka 78 na anameza vidonge vitatu kila asubuhi.

Lakini tusilitukuze jiko la nyumbani kupita kiasi. Umri ukisogea, pua na ulimi hupungukiwa na makali, na dawa kadhaa huongeza tatizo hilo. Mpishi mzee huongeza chumvi bila kujua. Wageni wananyamaza kwa adabu, yeye anaona bado haijakolea. Na hili pia ndilo linaloeleza jambo linalowashangaza watoto wengi: mzee aliyekuwa akibeza chakula cha mikahawa miaka yote, ghafla anakipenda. Hajabadilika msimamo. Kile chakula kimekolezwa kwa nguvu kiasi kwamba anakisikia, na cha nyumbani hakisikii tena.

Dawa yake ni kutafuta ladha kwingine. Ndimu, siki, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na nyanya iliyokaangwa hadi ikakauka maji huamsha ulimi bila kugusa presha. Ukiagiza, omba mchuzi au sosi ije kando, mzee ajitilie mwenyewe. Chumvi nyingi hukaa humo. Kama pakiti imeandikwa kiasi cha sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Na angalizo kwa wanaokimbilia ile chumvi mbadala ya dukani: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, ambayo ni hatari kwa mwenye ugonjwa wa figo na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha. Aulize kwa daktari kabla ya kuinunua.

Linganisha na anachokula kweli

Kosa kubwa katika ubishi huu ni kulinganisha boksi la leo na chungu cha zamani, kile cha wakati nyumba imejaa watu. Chungu hicho hakipo tena. Fungua friji ya mzee anayeishi peke yake, au angalia alichotupa. Mara nyingi utagundua kwamba "chakula cha nyumbani" ni kikombe cha chai na kipande cha mkate, asubuhi na jioni, kwa sababu kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja anaona ni kazi bure.

Hapo hesabu inageuka. Misuli ya mtu huanza kupungua kidogo kidogo tangu ujana unapokwisha, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza aliyepita miaka 65 ale protini gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi ya zile 0.8 za watu wazima kwa jumla, isipokuwa kama daktari amemzuia kwa sababu ya figo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama gramu 6. Chai na mkate havifiki huko hata siku iwe ndefu vipi. Anayeanza kushindwa kuinuka kitini bila kujishika, au ambaye nguo zake zimeanza kumpwaya, ni afadhali ale boksi lenye samaki, kuku au maharage kuliko kubaki na heshima ya kujipikia isiyo na kitu kwenye sahani.

Kwa hiyo nisingeuliza kwanza kipi ni bora. Ningeuliza mzee amekula nini jana, mlo kwa mlo.

Meno nayo yana kauli. Nyumbani nyama huchemshwa hadi iachie mfupa, mboga hupondwa, mchuzi huongezwa. Cha kununua huja kikavu, cha kukaanga, chenye maganda magumu, na aliye na meno ya bandia huishia kunyonya na kutema. Anayepaliwa mara kwa mara asiachiwe kabisa chakula ambacho hakuna aliyekikagua. Vipande vyake viwe laini na vidogo, visizidi sentimita moja na nusu, na apimwe hospitali namna anavyomeza. Na anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarin anatakiwa asipandishe na kushusha ovyo mboga za majani, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Mpishi wa nyumbani anaweza kushika kipimo kimoja wiki nzima. Menyu ya mkahawa haiwezi.

Kiporo ndicho chenye madhara

Wengi wanaohofia chakula cha nje huhofia jiko la muuzaji. Mimi hofu yangu kubwa iko baada ya boksi kufika nyumbani.

Mtazame mzee anavyolipokea. Fundo la mfuko wa plastiki limekazwa, na vidole vyenye baridi yabisi haviliwezi, kwa hiyo anatafuta kisu. Anafungua, anaona chakula ni kingi, kwa sababu kimepimwa kwa tumbo la kijana. Anapakua theluthi kwenye sahani yake, maana kula ndani ya boksi anaona ni kukosa adabu. Kilichobaki anakifunika na sahani nyingine na kukiacha mezani. "Nitamalizia usiku." Kutupa hawezi, amelelewa hivyo, na hulka hiyo ndiyo iliyomfikisha hapo alipo. Usiku anakipasha vuguvugu, anabakisha tena kidogo cha asubuhi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2, kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na kikipashwa kifike nyuzi 70 au zaidi hadi katikati, mara moja tu. Cha nyumbani mzee anajua kimeepuliwa lini. Cha kununua saa zake zimeshaanza kuhesabika kabla hakijafika mlangoni: kilikaa kaunta, kikapakiwa, kikasafiri. Zile saa 2 zinaweza kuwa zimeisha wakati yeye anatafuta kisu.

Na kupasha sana hakuokoi kila kitu. Wali ulioachwa mezani unaweza kuota bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye sumu yake moja haivunjwi na moto wa kupashia. Bakteria wa Listeria naye anaendelea kukua hata ndani ya friji, na waliopita miaka 65 ni kati ya watu anaowaumiza zaidi. Kijana akila kiporo kibaya anaharisha siku mbili na kusahau. Mzee huharisha, hukaukiwa maji upesi kwa kuwa hisia ya kiu imeshafifia, husikia kizunguzungu, na wengine huanguka wakiwa njiani kwenda chooni.

Kama utaagiza, basi agiza kwa kiasi anachokimaliza kwa mlo mmoja, hata kama sahani ndogo kwa hesabu ya duka inaonekana ghali. Kikibaki, kigawe mapema kwenye vyombo vifupi, kiingie friji, na kiliwe ndani ya siku 3. Usimwambie "kitupe", utashindwa. Agiza kidogo ili kusiwe na cha kutupa.

Kupika nako ni kazi ya mwili

Utafiti mmoja wa Taiwan, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia watu wa miaka 65 na zaidi kwa miaka 10 na kukuta kwamba waliopika zaidi ya mara tano kwa wiki walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai mwishoni. Habari hiyo imerudiwa sana na watetezi wa chungu. Izingatiwe kwa tahadhari: mwenye nguvu za kupika mara tano kwa wiki tayari ni mzima kuliko asiyeweza, kwa hiyo chungu hakiwezi kuchukua sifa zote.

Hata hivyo kupika kunamfanya mtu atoke, asimame, ainame, akumbuke kilichokwisha, ahesabu dakika. Ukimnyang'anya mzee jiko kwa nia njema, angalia umemwachia nini cha kumwinua kitini asubuhi. Nimeona wazee waliopumzishwa jikoni kwa upendo mkubwa wakazubaa ndani ya muda mfupi.

Upande wa pili ni moto. Sufuria zilizoungua chini, jiko lililosahaulika likiwaka, alama mpya za kuungua mikononi, chumvi iliyotiwa mara mbili: hizo si ajali za kuchekwa. Zikijirudia, anahitaji mtu wa kusimama naye jikoni, au moto ukae mikononi mwa mwingine, na apimwe kumbukumbu. Asiyeweza kubeba sufuria ya maji yanayochemka kutoka jikoni hadi kwenye karai naye asilazimishwe ushujaa.

Pesa, kwa ufupi

Nyumba ya watu wawili au zaidi, chungu ni rahisi, hakuna mjadala. Kwa mtu mmoja si hakika hivyo. Vitu huuzwa kwa mafungu, nusu ya mboga inaoza, na gesi au umeme wa kupika sahani moja hautofautiani sana na wa kupika sahani nne. Cha kununua nacho kina gharama ya kuletewa, na mara nyingine mzee hana namna ya kuagiza bila kumsumbua mtu mwenye simu. Pigeni hesabu ya mwezi, mkiweka ndani vilivyotupwa.

Kati ya chungu na boksi

Kuna njia ya tatu inayosahaulika: chakula kilichopikwa kwa makusudi ya wazee. Uingereza wanawake wa kujitolea walianza kuwapelekea wazee milo majumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Marekani iliingiza mpango wa lishe mwaka 1972 katika sheria yake ya wazee ya 1965, na milo hiyo hutakiwa kubeba angalau theluthi moja ya mahitaji ya lishe ya siku. Wengine huletewa, wengine hukusanyika na kula pamoja, na hao wa pamoja nawaonea wivu kidogo, kwa sababu mtu akiwa na wenzake hula zaidi kuliko akiwa peke yake na ukuta. Kama kuna nyumba ya ibada, chama cha wastaafu au majirani wenye mpango wa namna hiyo, uangalie kabla ya kujisajili kwenye programu yoyote ya kuagiza.

Sasa uamuzi. Mzee anayesimama dakika ishirini bila taabu, anayekumbuka kuzima moto na anayependa kupika, aachwe na chungu chake. Msaidie kupika kingi mara moja na kugandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja, na boksi liwe la siku ya kuugua au ya kujifurahisha. Mgane asiyejua kupika nisingemwanzisha na somo la mapishi wiki ya msiba. Aletewe, ale, na baadaye ajifunze vitu viwili vitatu, mayai, maharage, samaki wa kuchemsha, akitaka. Mwenye presha kali, figo au anayetumia warfarin, chungu kiongoze hata kama mpishi ni mtu wa kulipwa. Aliyekonda na kupoteza hamu, apewe anachokipenda kitoke kokote, mambo ya chumvi yazungumzwe na daktari. Na yule mama aliyechoka na jiko, mwamini anaposema amechoka.

Anabaki anayekataa katakata. Wako watoto wanaohamishia chakula cha boksi kwenye sufuria ya nyumbani wakadai wamepika. Usijaribu. Mtu aliyepika maisha yake yote atajua kwa tonge la kwanza, na tangu siku hiyo hata ulichopika kweli hatakiamini. Wengi wa aina hii hukataa chakula kilichokamilika lakini hukubali kazi iliyofika nusu: mboga zilizokwishakatwa, maharage yaliyochemshwa bila chumvi, nyama iliyolainishwa, na yeye akaunga kwa mkono wake. Muulize ni kipi hasa kinachomchosha, kwenda kununua, kumenya, kusimama au kuosha vyombo, kisha pesa uliyotaka kuagizia boksi itumie hapo.